Muuza Jumamosi

Watu wengine wakishika bili ya umeme huumwa kichwa. Dady alipoishika ile ya Maman Victorine alisikia njaa.

Ilikuwa Novemba, ndani ya galeri ya Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Brussels, pale ambapo unaingia kununua kadi ya simu unatoka na wigi, pakiti ya kisamvu kilichogandishwa na mwaliko wa maombi. Dady alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha saluni, ananyolewa. Nywele zenyewe hazikuwapo, lakini alinyolewa kila wiki, kwa sababu mtu anayekula kwa uso wake lazima autunze. Kazi yake ukiuliza, utajibiwa kulingana na mwaka. Mwaka juzi alikuwa wakala wa viza. Mwaka jana aliwauzia watu wa Lubumbashi viwanja vya Lubumbashi, viwanja vizuri sana, vyenye hati na mihuri, na juu yake shule ya msingi imejaa watoto. Mwaka huu alikuwa bado hajajua yeye ni nani, na jambo hilo lilimnyima raha.

Maman Victorine, mwenye saluni, alikuwa mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyevuka hamsini, mpana, mpole wa sauti, rais wa chama cha akina mama kinachokutana kila Jumamosi. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala kupayuka. Siku hiyo alikuwa amevaa miwani na bado ameishika karatasi mbali na macho.

"Dady, weye unasoma vizuri. Niambie hii kitu. Ni courant ya kwangu ku nyumba. Huku banaandika heures pleines, huku heures creuses. Bei mbili. Sasa mi niko na nyumba mbili?"

Dady aliipokea karatasi, sabuni bado iko shingoni. Akasoma mistari miwili. Mchana wa siku za kazi, bei hii. Usiku na wikendi, bei ile, ya chini. Akasoma tena polepole, kama daktari anayeangalia picha ya kifua na hataki kumtisha mgonjwa.

"Maman," alisema, "hii ligne ya pili, banakuandikia tu. Habajafungula."

"Habajafungula nini?"

"Week-end yako."

Kinyozi alisimamisha mashine. Wateja wawili waliokuwa wanasukwa walijaribu kugeuza vichwa, wakavutwa nywele.

"Kuna batu hapa Bruxelles," Dady aliendelea, "samedi na dimanche courant kwao ni comme bure. Banafula, banapasi, banapika mpaka banachoka. Weye banakufunga juu haukuuliza. Lazima ingénieur ashuke ku compteur, afungule."

"Na huyo ingénieur njo nani?"

"Maman, banamunyoa hapa ku kiti yako."

Ukweli wenyewe nauweka hapa mapema, asije mtu akanilaumu. Nyumba nyingi za Brussels zina mita yenye hesabu mbili: moja ya mchana wa siku za kazi, nyingine ya usiku na wikendi nzima, na hii ya pili bei yake iko chini kidogo. Kidogo, nimesema. Ukiwa na mita hiyo, wikendi yako unayo tayari. Kampuni inakutoza hivyo bila kuombwa. Na kama mkataba haukufai, unapiga simu unabadilisha, hulipi hata senti. Maman Victorine alikuwa na wikendi nyumbani kwake miaka sita na hakujua. Na kitu ambacho mtu anacho bila kujua, kwa macho ya Dady, kilikuwa kinasubiri mnunuzi.

Kesho yake alijinunulia fulana ya njano ya mafundi. Akachapisha kitambulisho chenye picha yake na neno INGÉNIEUR, kamba ya bluu shingoni. Akachapisha na stika za kijani zenye jua linalotabasamu: WEEK-END OUVERT, wikendi imefunguliwa. Alishuka kwenye ghala la chini la nyumba ya Victorine, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa dakika ishirini akitazama mpira kwenye simu. Kisha akabandika stika kwenye mita, akajipaka vumbi shavuni, akapanda ngazi akihema.

"Ilikuwa imefungwa sana," alisema.

Cent vingt, euro mia moja na ishirini, taslimu, na risiti yenye jua lilelile linalotabasamu. Bili ya mwezi uliofuata ilikuja na mistari yake miwili, na ule wa pili bei yake chini. Victorine aliinua miwani akasema, "Kweli, iko inafanya." Ya mwezi wa nyuma nayo ilikuwa hivyohivyo, ila nani anatunza bili ya mwezi wa nyuma. Huo ndio uliokuwa utamu wa biashara ya Dady. Mteja hakuja kudai. Mteja alikuja kushukuru, tena amemleta shemeji yake.

Basi Victorine, kwa moyo mweupe, akamwalika kwenye chama. Jumamosi ya kwanza ya Desemba Dady alisimama mbele ya akina mama zaidi ya thelathini, mkononi ana tableti iliyopasuka kioo. Alieleza mita, akaeleza waya, akaeleza jinsi Ulaya inavyomficha mgeni mambo mazuri. Alipofika kwenye kuficha, wengi waliitikia kwa kichwa, kwa sababu hapo hakuwa anadanganya.

Aliyemkatiza ni Zaituni, Mrundi wa Buyenzi mwenye kibanda cha sambusa. "Sawa, injinia. Na wewe kwako, wikendi unalipa ngapi?"

Mtu mwenye busara angesema nalipa kidogo. Lakini Dady aliyaona macho ya akina mama thelathini, na kila jozi ya macho ilikuwa na mita yake nyumbani.

"Miye? Zéro. Kwangu Berchem-Sainte-Agathe, toka vendredi usiku mpaka lundi asubuhi, courant ni bure kabisa. Four, chauffage, machine, byote binawaka. Ba maman, karibuni siku yoyote, na masufuria yenu. Kwangu ni kwenu."

Sasa, aliyelelewa na watu anayajua maneno hayo na kazi yake. Ni kama kumuuliza mtu habari za nyumbani: husubiri akuorodheshee magonjwa. Unakaribishwa, unashukuru, unabaki kwako. Akina mama walishukuru, na kumi na mmoja kati yao wakaandika majina.

Wa mwisho katika hao alikuwa Maman Lucienne. Miaka sabini na sita, mjane, anaishi peke yake kwenye chumba cha chini huko Ixelles, kinachopata joto kwa vihita viwili vya umeme. Dady alishuka ghalani kwake akiwa na stika tayari kidoleni, akamulika mita kwa simu. Hesabu ilikuwa moja tu. Mita ile haikujua Jumamosi wala Jumanne.

Hapo mtu mwingine angepanda ngazi akasema samahani, maman, kwako haiwezekani. Dady alisimama kama dakika moja. Dakika hiyo naiandika kwa heshima yake, kwa sababu ndiyo pekee aliyoitoa. Kisha akabandika.

"Mutoto yangu," Maman Lucienne alimuuliza aliporudi chumbani, anafungua kopo la biskuti anamotunzia pesa, "sasa nitawasha wakati gani?"

"Samedi na dimanche, maman, washa byote bila kuogopa. Mu semaine, toka lundi mpaka vendredi, ufunge. Bei ya semaine sasa itakuwa kali."

Maman Lucienne alihesabu noti mara mbili, akamfungia na mayai mawili ya kuchemsha ya kula njiani. Dady aliyala kwenye tramu. Wiki hiyohiyo alijinunulia viatu vya ngozi ya mamba, au ya mnyama aliyewahi kumwona mamba, na kila aliyekutana naye Porte de Namur, kando ya Matonge, alisimamishwa avitazame.

Baridi ya Januari ilishuka. Maman Lucienne alikosa kikao kimoja, akakosa cha pili. Alhamisi Victorine alifunga saluni saa sita akaenda kumwona.

Alimkuta kitandani. Amevaa koti la nje, kofia ya sufu na soksi juu ya soksi, na kila akipumua mvuke unamtoka mdomoni. Pembeni alikuwa ameketi Bwana Willem, Mbelgiji wa ghorofa ya pili, mzee wa miaka themanini na ushee aliyefundisha ufundi wa umeme Kalemie zamani na kurudi na Kiswahili cha vitabuni ambacho hakikuwahi kuzeeka. Alikuwa anamnywesha supu.

Victorine alishika kihita. Baridi kama jiwe. "Maman, chauffage ilikufa?"

"Hapana, iko muzima," Lucienne alisema. "Ni jeudi."

"Jeudi ndiyo nini?"

"Ingénieur alisema mu semaine nifunge. Mi nafunga. Samedi nitawasha." Akakohoa. Kikohozi kilimchukua muda mrefu kuliko jibu.

Bwana Willem aliweka bakuli chini. "Mama Victorine, leo ndipo nilipopata habari hii, nami nimekwisha kushuka kuitazama mita. Ina hesabu moja tu. Kwa mama huyu, Jumamosi na hii jeudi yake, yaani Alhamisi, ni bei ileile. Amekaa katika baridi wiki sita bure."

"Lakini tulilipa juu bafungule."

"Hapana kitu kilichofunguliwa. Wewe mita yako ina hesabu mbili?"

"Mbili."

"Basi wikendi ulikuwa nayo tangu siku ulipohamia. Na mzee akaaye nyumbani mchana kutwa, kama mama huyu, bei moja humfaa zaidi. Hahitaji wikendi, ahitaji joto leo. Tena ana haki ya ile bei nafuu ya wenye kipato kidogo. Ni fomu tu. Nitaijaza mimi, ila majibu huchukua miezi miwili au zaidi."

Victorine aliwasha vihita vyote viwili, akavuta kiti, akakaa mpaka Maman Lucienne alipovua kofia mwenyewe. Alikuwa na hasira. Cent vingt zake angezisamehe palepale. Kinachomcheza shere mwanamke mzima wa saluni ni uvivu wake wa kusoma. Kilichomchoma ni kwamba yeye ndiye aliyemkaribisha Dady kwenye chama, na bibi huyu alilipa kwa sababu Victorine alikuwa amelipa. Polisi wangemuuliza jina la mtu huyo kwenye risiti, na kwenye risiti kulikuwa na jua linalotabasamu.

"Dady alisema tukuye na masufuria," alisema mwishowe.

Bwana Willem alifikiri hakusikia vizuri.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, kengele ililia Berchem-Sainte-Agathe. Dady alifungua mlango amevaa bukta. Mbele yake walisimama Maman Victorine na akina mama sita, na nyuma yao gari dogo la mizigo limefunguliwa milango. Wanashusha friza moja, mashine tatu za kukaangia, majiko ya umeme manne, mabeseni ya unga uliokwisha kuumuka, na Maman Lucienne akiwa amefungwa blanketi.

"Tulikuya," Victorine alisema. "Ulituita."

Dady alifungua mdomo. Hebu fikiria naye alikuwa na maneno gani ya kuchagua. Angesema umeme si bure, angekuwa ameungama mbele ya watu saba wenye miiko. Angesema hana nafasi, angekuwa amemfukuza mama mzee mlangoni kwake, na habari ingefika Matonge kabla yeye hajavaa suruali. Mtoto wa mjini, bingwa wa maneno, alipapasa mdomoni akakuta limebaki moja.

"Karibuni," alisema.

Kufika saa nne nyumba ilikuwa inanguruma. Mafuta yanachemka jikoni, mafuta yanachemka sebuleni, friza inatetemeka kando ya kitanda. Maman Lucienne alipewa chumba cha kulala, vihita vyake viwili kila upande, amevua koti. Dady alitembea katikati ya nyaya kwa vidole vya miguu, na kila plagi iliyochomekwa aliisikia kifuani.

"Tunataka kuona ile compteur ya bure," Zaituni alisema, mkono wake uko kwenye kabati la korido lenye mita.

"Ufunguo ulipotea," Dady alijibu haraka mno.

Zaituni alimtazama Victorine. Victorine aligeuza andazi kwenye mafuta. Mita ya Dady, hata usiponiuliza nitakuambia, ilikuwa ya hesabu moja. Injinia hakuwahi kupiga simu kuulizia bei yake mwenyewe.

Mchana alimvuta Victorine pembeni, sauti chini. "Maman, furaha ni nyingi, lakini mutaenda saa ngapi?"

"Dimanche jioni. Maman Lucienne atabakia, juu kwake week-end haikufunguka muzuri. Weye njo ingénieur, utaangalia." Kisha akamsogelea, akashusha sauti zaidi yake. "Na Dady, usiharibu mambo. Ba maman ya Liège banasikia juu yako. Beko soixante. Rais wao anataka kuya kuona na macho yake nyumba yenye week-end ya bure, kisha banalipa bote. Nilimwambia aje hapa."

Soixante. Akina mama sitini mara cent vingt. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwake, na uso wa Dady ukarudi kuwa uso wake. Hii haikuwa hasara tena. Huu ulikuwa mtaji.

"Maman, tumieni tu," alisema, na kwa mkono wake akachomeka jiko la tano.

Rais wa Liège hakufika Jumamosi hiyo, alikuwa na mafua. Jumamosi iliyofuata treni ziligoma. Ya tatu alifiwa na binamu, ya nne ilikuwa arobaini ya binamu huyohuyo, ambaye alikuwa ameharakisha sana, lakini Dady alikuwa na haraka kuliko yeye na hakuhesabu siku. Kila mara Victorine alileta habari hizo kwa masikitiko ya kweli, na kila mara akina mama waliongezeka mmoja au wawili, na mashine zao. Kuna Jumapili walikaanga kuanzia alfajiri mpaka madirisha yakatoa jasho. Mikate, kama Wakongo wanavyoyaita maandazi, sambusa za Zaituni, samaki wa harusi mbili na ubatizo mmoja. Magari yalikuja kuchukua mabeseni yakaondoka.

Dady hakuuliza mabeseni yanakwenda wapi. Mtu anayesubiri sitini haulizi habari za maandazi. Jumatatu alikuwa anashuka Porte de Namur na viatu vyake vya mamba, ananunua mikate mitano laini kwa mwanamke mmoja aliyesimama na ndoo, anaisifia. Aliisifia kwa dhati, na kila Jumatatu alirudi.

Nyumbani, katikati ya wiki, walibaki wawili. Dady alilala kwenye kochi, Maman Lucienne chumbani, vihita vikiwaka usiku na mchana, kwa sababu siku ya kwanza alipomwomba azime, yule bibi alijibu kwa upole, "Lakini ni kwako, mutoto yangu. Kwako siku yote iko muzuri," na Dady alishindwa kupata pa kushikia. Tena bibi alimpikia. Alimfulia soksi. Alikuwa akimuuliza kila jioni, "Leo ulifungulia ba nani week-end?" na kuna jioni mbili tatu Dady alikula kimya akaenda kulala mapema. Sisemi alijuta. Nasema alikula kimya.

Mwisho wa Machi Bwana Willem alikuja na barua. Bei nafuu ya Maman Lucienne ilikuwa imekubaliwa, vihita vyake vingewaka siku yoyote anayotaka. Jumapili hiyo akina mama walisugua jiko, wakapiga deki, wakaikunja kila waya. Nyumba haikuwahi kuwa safi namna hiyo. Maman Lucienne, akiwa amevaa koti, aliomba abaki ndani dakika moja peke yake, kisha akatoka akamshika Dady shavu.

"Ulinilinda na baridi," alimwambia. "Mungu anaona."

Dady akambebea blanketi mpaka kwenye gari.

Katikati ya Aprili bahasha ilikuja, ile nene, ya hesabu ya mwaka mzima. Dady aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Mille quatre cent soixante-dix, euro elfu moja mia nne na sabini, zaidi ya yote aliyokuwa amelipa kila mwezi, zilipwe ndani ya siku kumi na tano. Fedha za stika zilikuwa zimekwisha tangu Krismasi. Zilizobaki alikuwa amezivaa miguuni. Akachukua bahasha, akapanda tramu kwenda Matonge.

Maman Victorine alikuwa anasuka. Hakusimama.

"Maman," Dady alisema, na angalia kwanza aliuliza nini, "rais wa Liège anakuya lini?"

"Rais gani?"

"Ya ba maman ya Liège. Soixante."

Victorine alichomeka kitana kwenye nywele za mteja. "Dady, mi sijue muntu ata moya ku Liège."

Dady alikaa kwenye kile kiti cha nyuma bila kualikwa. Alitazama kioo, akaona uso uliotunzwa vizuri sana. Kisha akaweka bili mezani, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuweka.

Victorine alifuta mikono, akafungua droo, akampa bahasha. Ndani yake mlikuwa na risiti kumi na mbili, zote zina jua linalotabasamu, na kwenye kila moja, kwa mwandiko wa mwenyewe: remboursé, yaani amerudishiwa, na sahihi. Ya juu kabisa ilikuwa ya Lucienne, herufi zimepinda.

"Ni nani alibarudishia?" Dady aliuliza.

"Weye. Samedi na dimanche. Mikate tuliuza, sambusa tuliuza, samaki ya mariage tuliuza. Unga tulilipa siye, mafuta tulilipa siye, courant ulitoa weye. Na mikate ya Porte de Namur, lundi yote, ulinunua weye mwenyewe. Merci."

"Maman, mulinifanyia bibaya. Mi ni mutoto yenu."

"Njo maana tulikuachia nyumba safi."

Wateja walicheka. Victorine hakucheka. Aliinama mpaka macho yao yakawa sawa, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Nilikuta Maman Lucienne mu kitanda na manteau. Namuuliza chauffage ilikufa, ananiambia hapana, ni jeudi. Hiyo siwezi kukurudishia, Dady. Hiyo utabaki nayo."

Dady alitazama viatu vyake. Aliondoka bila kunyolewa.

Nyumbani alipiga simu kwa kampuni ya umeme, mara yake ya kwanza tangu ahamie nchi hii. Msichana wa upande wa pili alikuwa mchangamfu. Bili angeweza kuilipa kidogokidogo, alimwambia, miezi kumi. Na kwa mtu anayetumia umeme mwingi wikendi, kama Dady alivyojieleza, bei mbili zingemsaidia. Kwa nini hakuomba mapema?

"Kufungula week-end," Dady aliuliza, "ni bei gani?"

Msichana hakuelewa swali. Kubadilisha mkataba hakulipiwi, monsieur. Anachohitaji ni namba ya mita tu, kama ana mita karibu.

Ufunguo ulikuwa kwenye kopo la sukari, alimouficha tangu Januari, lilelile ambalo Maman Lucienne alikuwa akichotea sukari ya chai. Akafungua kabati la korido. Katikati ya mita, imenyooshwa vizuri, pembe zote zimekandamizwa na kidole cha mtu mwenye subira, ilikuwa imebandikwa stika ya kijani, imechakaa kidogo kwa kubanduliwa mahali pengine. Jua lilikuwa linatabasamu.

Msichana aliita mara mbili kuuliza kama bado yuko. Dady alimsomea namba, akashukuru, akakata simu. Akazima kihita cha sebuleni. Akazima na cha chumbani. Aprili ya Brussels haina huruma. Nje mvua ilikuwa imechanganyika na barafu, na kutoka hapo mpaka Ijumaa usiku kulikuwa bado na siku nzima na zaidi. Alichukua koti msumarini, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akakaa kwenye kochi.

Ilikuwa Alhamisi.